Mkao Ambao Sikupewa

Mpendwa Mama Girija,

Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana nimekaa na jambo hili wiki tano na kila nikitaka kumwambia mtu naishia kuzungumza habari za shule, na mimi hata darasani nikiulizwa swali ninalolijua jibu lake huwa ninaangalia dawati, kwa hiyo nimeona heri niandike. Nina miaka kumi na sita, ninasoma darasa la kumi hapa Mysuru, na tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja ninakwenda kufanya yoga kila alfajiri kabla ya shule, kwa mwalimu mmoja mzee anayefundisha wasichana kwenye ghorofa ya juu ya nyumba yake.

Unajua taratibu za kumbi kama wetu. Mikao haichaguliwi, hupewa, mmoja baada ya mwingine, na ukifika kwenye ule uliopewa mwisho Mwalimu anasema "inatosha" nawe unakunja mkeka wako unakwenda nyuma kumalizia. Mimi nimesimamishwa kwenye mkao wa tatu kati ya ile minne iliyopewa jina la mtawa wa kale, Marichi, kwa miezi minane. Wa nne ndio ule ambao mguu mmoja unakunjwa kwa mtindo wa yungiyungi, unyayo juu ya paja, wa pili unasimama, halafu unajisokota kiuno mpaka mikono ishikane mgongoni. Kila alfajiri nilikuwa nafika hapo, namtazama, naye anasema inatosha, na sikuwa na kinyongo kwa sababu wasichana wengi husimamishwa hapo hapo, wengine mwaka mzima, na nilijiambia kwamba anayesubiri vizuri naye anafanya yoga.

Kisha baada ya sikukuu ya Dasara akaja Sinchana. Ana miaka kumi na mitatu, miguu yake inakunjika kama kitambaa kilicholowa maji, na mdomo wake haujui woga. Siku moja alimuuliza Mwalimu, mbele yetu sote, kama mkao huu ulibuniwa na mtu asiye na mifupa, na sisi tukainama tukingoja akemewe, lakini Mwalimu akacheka. Mama Girija, miaka mitano sijawahi kuona meno ya Mwalimu. Tangu siku hiyo nikawa simsikilizi Mwalimu tena, nasikiliza anamwambia nini Sinchana, nahesabu mara ngapi anasimama kwenye mkeka wake na mara ngapi kwenye wangu, na nikirudi nyumbani naandika hesabu hiyo nyuma ya daftari la historia. Mwezi wa tatu akamwambia, "Kesho ongeza wa nne." Halafu akageuka kwangu, akasema, "Wewe, inatosha."

Nikaamua kujipa huo wa nne mwenyewe. Nilikuwa nimeazima maktaba kitabu chenye michoro ya mifupa, nikakisoma mara mbili, na nilijua kabisa kwamba goti ni kama bawaba ya mlango, linakwenda mbele na nyuma tu, na kwamba kinachotakiwa kuzunguka ni nyonga. Nilijua, na bado mchana mmoja nilipanda kwenye paa la nyumba, kati ya pilipili za bibi yangu zilizoanikwa, nikaukunja mguu wa kulia kwa mikono miwili, na nyonga ilipokataa nikaliburuta goti. Lilitoa sauti kama kijiti kikavu. Nilikaa pale nikizitazama pilipili mpaka jua likanichoma.

Tangu siku hiyo linauma upande wa ndani, hasa ninapokaa chini na ninaposhuka ngazi. Bibi amelikanda kwa mafuta ya ufuta, akaniambia, "Goti la miaka kumi na sita linalia kuliko langu la sabini na mbili. Tumebadilishana lini?" Nilimdanganya kwamba nimeanguka shuleni. Mwalimu siwezi kumwambia, maana atauliza nimefanya nini, na msichana anayechukua mkao ambao hakupewa hurudishwa safu ya nyuma akaanze upya na mikao ya kusimama. Na tarehe ishirini na moja Juni, Siku ya Yoga, kila ukumbi unapeleka msichana mmoja kuonyesha uwanjani mbele ya mji mzima, na Mwalimu hajataja jina. Nikirudishwa nyuma, atakwenda Sinchana.

Sasa nimefika mahali ambapo nilitaka kuishia, lakini nikiishia hapa nitakuwa nimekudanganya na wewe. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunavaa ndala chini ya ngazi, na Sinchana, ambaye ananiita Akka kwa kuwa mimi ni kama dada yake mkubwa, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Akka, goti lako linauma ukikunja mguu? Langu linachoma huku ndani."

Nami nikamjibu, "Linauma kwa kila mtu. Hapo ndipo linapofunguka. Vuta pumzi, usukume tu."

Akaniamini. Mimi ndiye msomaji wa vitabu, kila mtu pale huniamini. Jumanne hii nilimwona anashuka ngazi kwa ubavu, mguu mmoja mmoja, ameshika ukuta, na kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni ilikuwa furaha. Haikudumu, lakini ilikuwa furaha. Halafu jana akaniletea chapati tamu za dengu zimefungwa kwenye jani la mgomba, akasema mama yake anashukuru ninavyomsaidia. Nilizila zote njiani kwa sababu sikujua nifanye nini nazo.

Nifanye nini goti lipone kabla ya Juni bila Mwalimu kujua? Na je, mimi ni mtu mbaya?

Mwenye Goti, Mysuru

MAMA GIRIJA ANAJIBU

Binti yangu, barua yako ni ndefu na karibu yote inahusu goti lako. La Sinchana umelipa kipande kidogo mwishoni, ukataka na hicho kukificha. Nitaanza nalo, kwa sababu lako umeliumiza mwenyewe kwa mikono yako, lakini lake limeumizwa na maneno ya mtu anayemwita dada.

Unauliza kama wewe ni mtu mbaya. Swali hilo ni kubwa na ni tamu kulifikiria kitandani, na ndiyo maana wasichana wenye vitabu hulipenda, linawapa kazi wakati kazi yenyewe imelala. Wivu si dhambi ya ajabu. Miaka mitano unaweka mkeka kabla ya jogoo, anakuja mtoto mcheshi anachekesha mzee wako. Mimi ningeona wivu, na nisingekuwa na adabu ya kuuandika nyuma ya daftari, ningeusema. Kuhesabu si kosa. Kumwona mtoto akishika ukuta na kunyamaza kwa siku nyingine tatu, hilo ni kosa, na kila alfajiri unayoacha kulisema unalifanya upya.

Umesoma kile kitabu mara mbili, basi nitakukumbusha ulichokisahau. Msuli unaovutika huuma kwa mapana, na ukiuachia unatulia. Kiungo kinachochoma kwa ndani, mahali pamoja, kinakwambia simama. Goti halifunguki. Halina cha kufungua. Nyonga ikikataa, anayelipa ni goti, na likichanika ndani halishonwi kwa pumzi wala kwa mafuta ya ufuta, ingawa mikono ya bibi yako ni mizuri na uendelee kuipokea, baada ya kumwambia ukweli. Acheni nyote wawili kukunja mguu kuanzia leo: si yungiyungi, si nusu yungiyungi, hata kukaa chini kwa kukunja miguu wakati wa kula acheni, kaeni kwenye kiti. Muende kwa daktari wa mifupa, kila mmoja na mtu mzima wake. Wiki tano za maumivu si jambo la mshauri wa gazeti. Daktari akikuruhusu kurudi mkekani, urudi kwa mikao ya kusimama, na ukikaa uweke blanketi lililokunjwa chini ya makalio, na mtu yeyote akitaka kukusukuma goti, hata awe na mvi kiasi gani, umwambie hapana.

Ndiyo, mvi. Nina neno kwa mwalimu wako pia, akisoma. Ukumbi ambao watoto wawili wanaumia hatua tatu kutoka miguuni pako na hakuna anayethubutu kusema, usijisifu kwamba una nidhamu. Una ukimya tu. Lakini wewe, binti, usijifiche nyuma ya ukali wake. Mwenzako alimuuliza habari za mifupa mbele ya watu, naye akacheka. Huenda miaka yote mitano alikuwa akingoja mmoja wenu afungue mdomo. Nenda umwambie: nilichukua mkao ambao hukunipa, nimeumia, na mdogo wangu ameumia kwa maneno yangu. Atakurudisha safu ya nyuma. Kaa huko. Safu ya nyuma ina sakafu ile ile. Na Juni ishirini na moja uwanjani hutakwenda, wala Sinchana hatakwenda, aende msichana mwenye magoti mazima, nanyi mkae pembeni mmpigie makofi. Itauma. Hayo ndiyo maumivu ambayo ukivuta pumzi kweli yanapita.

Kabla ya Mwalimu, kabla ya daktari, ni Sinchana. Mwambie hivi, na usiongeze neno: "Nilikudanganya kuhusu goti. Linauma kwa sababu linaumia. Acha kulikunja." Usianze na "lakini", usianze kulia ili akubembeleze wewe. Anaweza kukasirika. Anaweza asikuite Akka tena kwa muda, na hilo ni lake kuamua. Mama yake naye atataka kujua, nawe utasimama mlangoni kwake na kujibu kila atakachouliza, hata ukiangalia chini.

Jambo la mwisho. Jina lake nimelibadilisha hapa juu, lakini ngazi, ndala na chapati nimeziacha, kwa sababu bila hizo barua yako si kweli. Jibu hili nakutumia kwanza wewe, kwa anwani uliyoandika kwenye bahasha, lakini gazetini safu hii inatoka Jumamosi, siku ambayo ukumbi wenu umefungwa na kila nyumba ya mtaa wenu inasoma gazeti na kahawa mkononi. Mtoto huyo atajijua kwa mstari mmoja tu. Gazeti hutupwa milangoni saa kumi na mbili asubuhi. Wewe umezoea kuamka saa kumi alfajiri. Vaa ndala, shuka ngazi polepole, ufike kwake kabla ya gazeti.