Picha Ndani ya Bawa

Jumatatu, 4 Machi

Ndege imeingia hanga asubuhi kama mtu aliyepigwa kofi hadharani. Gari la mizigo lilirudi kinyumenyume likalibamiza bawa dogo la mkiani. Dereva anaapa ameigusa tu, kama mtu anavyombusu mtoto. Busu gani hilo! Kwa macho unaona mkwaruzo mdogo. Ukipagonga kwa sarafu, sauti inakufa. Bawa lenyewe si bati — ni vitambaa vya nyuzi za kaboni, tabaka juu ya tabaka, vimeshikwa kwa gundi. Bati likigongwa linabonyea, kila mtu anaona. Hii inaumia kwa ndani na kunyamaza, kama wajomba zangu.

Msimamizi wetu hakugonga mara ya pili. Ana masikio makubwa, hiyo ni kazi ya Mungu, sisemi kitu. Lakini yanasikia! Karakana nzima tunamwita Antena. Akiwa hayupo, bila shaka. Ameamua tukwangue sehemu iliyoumia na kuweka viraka vipya. Wenye ndege wanaitaka wiki ijayo.

Kazi tumepewa mimi na Shemeji. Ni shemeji yangu kweli, kamwoa binamu yangu, ila siku hizi hata mlinzi wa getini anamwita hivyo. Mkewe mimba imefika ukingoni. Simu ikilia tu, Shemeji anaruka kama kakanyaga moto.

Jumanne, 5 Machi

Karanga! Nimejibanza nyuma ya kabati, mwisho kabisa wa karakana, nikatia karanga moja mdomoni. Moja tu! Antena yuko ofisini, mlango umefungwa, kompresa inanguruma, mara: "Nani anatafuna humo?" Ndiyo, kula ni marufuku. Mafuta ya vidole ni sumu kwa gundi, matabaka hayashikani. Najua — tangazo nililibandika mimi. Lakini kunifagilisha sakafu mbele ya watu wazima wenzangu!

Baadaye Shemeji akatoka na simu yake. Mezani tulikuwa na viraka tulivyokwisha kukata, vya duara, kimoja kimezidi. Nikachukua chaki ya nta, ile nyeupe ya kuwekea alama kwenye vyuma. Nikamchora Antena juu ya kile kilichozidi. Kichwa kidogo, masikio kama sahani za kunasia setilaiti, na karanga moja inaelea karibu na sikio la kushoto. Picha ilifanana naye mno! Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Mara, viatu vyake. Nikakichomeka kile kiraka katikati ya vingine, uso chini.

"Umefurahi," akasema.

"Ni kazi tu, mkuu. Naipenda."

Akanitazama. Nikaitazama dari. Kisha akaniita nikamsaidie kubeba mtungi, na muda wa kutoka ukafika. Nitakitoa Alhamisi. Kesho nina ruhusa, nampeleka Bibi kwa daktari wa macho. Gundi mpya yenyewe bado haijafika.

Jumatano, 6 Machi

Hospitali. Bibi kasoma herufi zote vibaya, kisha kamlaumu aliyechapa bango. Daktari akasema ni mtoto wa jicho. Bibi akamjibu yeye alishafunga uzazi zamani. Hata nesi alilazimika kutoka nje akacheke.

Alhamisi, 7 Machi

Gundi ilifika jana.

Nimeingia karakana, meza nyeupe pe! Fungu la viraka halipo. Shemeji ananichekea, jicho jekundu kwa usingizi: amebandika viraka peke yake ili nami nipumzike, amefunika kwa mfuko wa kunyonyea hewa, amelaza blanketi la umeme juu, limeoka gundi na kupoa. Kimebaki kiraka kimoja. Nimekigeuza juu, chini. Cheusi tii. Kisafi!

Nimepekua pipa la taka. Nimepekua hata mifuko ya ovaroli yangu. Hamna. Antena yuko ndani ya bawa la ndege.

Ningali nimeduwaa pale, mwenyewe akaja kukagua. Akatoa sarafu yake. Ting, ting, ting — sauti safi. Halafu dup. Akasimama. Akainamisha kichwa. Dup, dup. Akaomba chaki, akawa anaweka alama kila sauti ilipokufa, polepole, akizunguka. Nta iliyeyuka kwa joto, ikatambaa, gundi ikakosa pa kushika. Mimi nimesimama nyuma yake natazama alama zinavyoungana. Duara katikati. Kibonge kushoto. Kibonge kulia.

Akarudi nyuma hatua kidogo.

"Ajabu," akasema. "Mbona kama masikio?"

Shemeji akasema yeye anaona kipepeo. Mimi nilipaliwa na mate yangu mwenyewe, nikapigwa mgongo na watu wawili.

Ijumaa, 8 Machi

Si mchezo tena. Antena anaamini Shemeji ameacha kipande cha plastiki katikati ya tabaka kwa sababu akili yake iko kwenye simu. Nimemsikia akimwambia hawezi kumwachia mtu wa namna hiyo ndege inayobeba watu. Jumatatu atamwondoa karakana, ampeleke stoo. Shemeji hakubisha. Amekaa juu ya ndoo, anajiuliza plastiki hiyo aliiacha saa ngapi. Anaanza hata kuikumbuka! "Nadhani nilipopokea simu ya mama mkwe," ananiambia. Anakumbuka kosa ambalo hakulitenda.

Nilitaka kusema. Nikamletea chai.

Nyumbani nimemweleza Bibi, nikitumaini atanipa neno la kunitia nguvu. Bibi huyu wangu!

"Sema ni panya, mke mwenzangu."

"Panya hajui kuchora, Bibi."

"Basi sema ni mimi. Wataniambia nini? Sioni."

Tukacheka. Halafu akauliza huyo kijana mkewe anajifungua lini. Nikasema wakati wowote. Bibi akawa anatafuta miwani yake iliyokuwa kichwani mwake. Hakuniambia kitu kingine. Ningependa angeniambia.

Jumamosi, 9 Machi

Nimesema.

Nimemkuta Antena peke yake, kavaa barakoa, anapiga msasa kiraka kibovu yeye mwenyewe. Tabaka la kwanza limeshaondoka. Vumbi jeusi hadi nyusi. Nikazima mashine ukutani ili nisije nikapata kisingizio.

"Mkuu, hakuna plastiki humo."

"Kuna nini?"

"Wewe."

Alishusha barakoa. Nikamweleza yote: karanga, chaki, uso chini. Niliongea haraka kama anayemeza dawa chungu. Akawasha mashine akaendelea, taratibu kabisa, na kunikataza kuondoka. Nimesimama pale muda ambao sitausahau. Likatoka la pili. Likaja la tatu — na hapo pakaanza kuonekana weupe. Kwanza sikio. Kisha la pili, limevimba kwa joto, kubwa kuliko nilivyolichora, naapa! Kisha karanga.

Akafuta vumbi kwa kitambaa. Akatazama.

"Hii ni nini hapa?"

"Karanga, mkuu."

"Nilidhani ni nzi."

Basi nikajisahau, nikacheka. Pumzi moja tu, lakini ilitoka. Naye mdomo ukamcheza pembeni, nimeuona! Halafu ukarudi mahali pake, na alichosema baadaye alikisema kwa sauti ya chini, ndiyo maana kimeniingia. Kwamba ningeichora kwenye karatasi, yeye angeitundika ofisini. Kwamba hapa ningewaketisha watu juu ya mzaha wangu, na wao wamekata tiketi hawajui. Akauliza kama ningesema iwapo yeye asingesikia ile dup. Nikasema sijui. Afadhali ningedanganya. Hapana. Sijui kweli.

Amempigia Shemeji simu palepale, akamwomba radhi, mimi nikisikia. Kisha akanipa simu, nami nikaomba yangu. Shemeji akasema atanitusi vizuri akipata nafasi, sasa hivi wako njiani kwenda hospitali.

"Mkuu," nimeuliza wakati natoka, "jina la Antena ulilijua?"

"Binti, unauliza kama nasikia?"

Jumapili, 10 Machi

Mtoto wa kike! Mama na mtoto wazima. Shemeji amenitumia picha, na chini yake tusi moja refu, la kiubunifu, ambalo siliandiki hapa. Tumesameheana, naona.

Jumanne, 12 Machi

Nimerudia kazi yote, mikono yangu peke yangu, Antena akinisimamia begani kama kasuku. Kila kitambaa nimekionyesha juu na chini kabla ya kukipaka gundi. Leo tumefungua. Ting, ting, ting, kila mahali. Nilitamani kucheza ngoma. Antena akasaini.

Nikadhani yamekwisha. Akafunga kalamu, akasema Alhamisi ndege inaruka kwa majaribio, haina abiria, na kuna nafasi ya fundi. Fundi aliyeziba bawa.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sijawahi kupanda ndege! Naijua kila kiungo, nimelala chini yake, nimeingia tumboni mwake. Kuruka nayo ni jambo jingine kabisa. Mimi hata ngazi ya kubadilishia taa nashikiwa.

Bibi kafurahi mno. Ananiagiza nimpungie mkono nikiwa juu. Nimemkumbusha macho yake. Akasema atanisikia nikilia.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika nikiwa kitini. Mwandiko ni wa injini, si wangu.

Wamenikalisha nyuma kabisa. Viti vyote mbele vitupu. Nilidhani nitakuwa peke yangu, lakini mlango ulipokaribia kufungwa akapanda Antena, shati limepigwa pasi, akaja akakaa kando yangu. Nikamuuliza na yeye anaadhibiwa kwa nini. Akasema msimamizi hukaa na kazi yake. Akafunga mkanda, akaukaza, akaukaza tena mpaka nikaona shingo inabadilika rangi.

Tunatembea sasa kuelekea njia ya kurukia. Anameza mate. Viganja anavifuta kwenye suruali, kile, hiki. Jamani — na yeye pia! Miaka yote hii! Nilikuwa naandaa maneno ya kumtania, matamu kweli, nimeyapanga ulimini.

Akaniwahi. Kainama, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Ile gundi. Ilikauka vizuri, eh?"

Aliyesaini ni yeye!

Nimemwambia ilikauka. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia hakika kabisa, mkuu, nikatabasamu kama mhudumu wa ndege. Akafumba macho, akashusha pumzi, akaniamini.

Sasa tumegeuka, tumesimama, injini zinapanda sauti. Mkono wake umeushika wangu na hakuna anayelitaja jambo hilo. Na mimi nimeng'ang'ania kalamu, narudia kichwani kitambaa kimoja kimoja, juu na chini, juu na chini