Mama Emilie anataka jina lake liandikwe

Mama Mwanamisi wa redio yetu, leo ni mimi ninayehitaji neno lako. Naitwa Rachelle, mutoto wa Kalemie, nafanya doktora Ubelgiji juu ya afya ya wanawake, na nimerudi nyumbani kuzungumza na wamama walioumia wakati wa kuzaa hadi mkojo ukawa unavuja wenyewe, ule ugonjwa wa fistula, nao wananieleza yao kwa sababu nimewaahidi kuficha majina, ndiyo sheria ya chuo chetu. Sasa kuna Mama Emilie wa Nyunzu, aliishi miaka peke yake nyuma ya jiko la kaka yake, akapasuliwa, akapona, na juzi alikuja hospitali kupimwa akamkuta mwanamke kijana ameketi mbali na wenzake, kikwembe alichojifunga kimelowa, tangu afike hajasema na yeyote, hata mimi alinishinda, na Mama Emilie akaenda akaketi palepale penye unyevu, bega kwa bega, akamwambia, "Mie niko Emilie. Nami nilikuwa navuja hivi. Weye unaitwa nani?" na yule kijana akataja jina lake, akalia kwa sauti, wamama wote wakasogea, nami nikabaki nimesimama, nimesahau maswali yangu yote.

Baadaye nikamweleza kwamba katika kitabu changu cha doktora nitamwita jina lingine. Akanikazia macho: "Siku walinifukuza kwenye korali ya kanisa, walitaja jina yangu mbele ya watu wote. Leo nimepona, ndiyo unataka kunificha?"

Profesa wangu anasema sheria ni sheria, nami naogopa watoto wa Mama Emilie watachekwa shuleni, lakini kumfuta naona kama namfukuza mara ya pili. Nifanye nini?

Rachelle

*

Rachelle mwanangu, nilipofika kwenye "weye unaitwa nani" niliweka barua chini, nikamshukuru Mungu aliyeumba muntu kama huyo. Pole kwa mzigo. Lakini mbona unamwogopea kama mutoto? Umemuuliza profesa, umeniuliza mie. Yeye mwenyewe umemuuliza nini?

Sheria hiyo usiidharau, imewasitiri wengi. Nenda Nyunzu kabla ya kupanda ndege. Kaa naye, kaka yake asiwepo, umweleze mabaya yote waziwazi: kitabu kikishatoka hakirudi, watamsoma watu asiowajua, hata wajukuu. Alale na neno hilo, aongee na watoto wake, kisha umuulize tena. Akishikilia, rekodi sauti yake, uwapelekee profesa na wasimamizi wa sheria ya chuo, uombe ruhusa kwa ajili yake tu. Usitetemeke ukiingia biro zao. Hawakukuokota njiani, ulishinda mitihani.

Waliotaka kufichwa, wafiche. Na yule kijana, jina lake lisionekane popote: alimpa Mama Emilie, hakukupa wewe.

Wakikubali, andika jina lote, bila kulikosea. Wakikataa, usiliingize kwa wizi. Rudi umwambie wewe mwenyewe, macho kwa macho. Usimtume muntu.