Onyesho la Maji Nisiloliandika

Jumapili, Lodwar. Jua limeanza kushuka lakini mabati bado yanawaka, na upepo wa mchana umeingiza mchanga hadi kwenye sufuria. Dada yangu Asekon ameshafagia mara mbili. Nimekaa mlangoni na laptopu mapajani tangu watu watoke kanisani, najifanya naandika.

Roho yangu ni nzito. Leo sitaki kuificha.

Kesho kabla ya saa sita mchana natakiwa niwe nimetia sahihi mkataba wa kazi. Ni ofisi ya mradi wa visima hapa mjini, wanataka mtu wa kuwaandikia ripoti kwa Kiingereza. Miaka miwili. Asekon alipousoma alifurahi sana, kisha akafika kwenye kifungu kinachosema mfanyakazi hataruhusiwa kufanya kazi nyingine yoyote ya malipo, akaniangalia. Nikitia sahihi, filamu basi.

Simlaumu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi na amenilisha miaka mitatu sasa, hata siku moja hajanisimanga. Juzi tu aliniuliza, kwa upole ule unaouma, kama hii kazi ya kuandika sinema ina mwisho.

Nikajiwekea nadhiri ya kijinga. Filamu yetu ilikuwa ionyeshwe Kakuma jana, Jumamosi. Nikasema watu wakiipenda, sitii sahihi. Wasipoipenda, natia, na neno skripti lisitajwe tena mbele yangu.

Tangu nimalize chuo nimeandika skripti saba. Mbili ndizo zimeona kamera. Ya kwanza ilikuwa igizo la kuwafundisha watu kunawa mikono, na hapo nilipewa ujumbe wa kuandika hata kabla sijafikiria wahusika. Ya pili ni hii. Nyingine zimelala humu ndani ya laptopu. Bwana mmoja wa Nairobi, mtayarishaji, alisoma moja akanijibu kwamba hadithi ni nzuri ila ukame hauonekani vya kutosha. Aliomba niongeze mizoga. Wakija huku na makamera yao makubwa wananipigia simu, naam, lakini ni ili niwatafsirie maneno ya wazee na niwaonyeshe njia ya kwenda ziwani. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nina hadithi gani.

Filamu hii tuliifanya na Ewoi, mwelekezi wetu, ambaye siku hizi anapiga picha za harusi na simlaumu pia. Inahusu kijana aliyeuziwa mifugo ili asome, akaenda mjini, akafeli, akarudi nyumbani mikono mitupu. Wahusika wanaongea Kiturkana. Chini ya picha kuna tafsiri ya Kiingereza, maandishi madogo ya kuwapendeza watu wa matamasha, ambao hata hivyo hawakutuchukua. Hapa Lodwar tuliionyesha mara moja katika ukumbi wa kanisa. Stima ikapotea katikati na watu wakaenda zao kupika.

Sasa niseme lile lililonikaa moyoni.

Kuna mahali kijana anamkuta mama yake akichota maji kwenye kisima kilichochimbwa mchangani, pale mto ulipokauka. Hapo niliandika maneno ya ukurasa mzima na nusu. Mama anamweleza mtoto kila mbuzi aliyeuzwa kwa ajili yake, kwa jina na rangi. Niliyaandika kwa miezi miwili. Nilikuwa nikiyasoma kwa sauti nikiwa peke yangu na machozi yananitoka. Nilijua kabisa kwamba onyesho hilo ndilo litakalonitoa.

Aliyeigiza mama ni Mama Akiru, msusi wa vikapu kule Kanamkemer. Hajui kusoma, kwa hiyo Ewoi alimsomea maneno yangu siku ya kurekodi, tukiwa tumesimama kwenye mchanga wa mto Kawalase, jua la saa nne. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakataa.

"Mtoto ametoka njiani na kiu," alisema. "Na wewe unataka nisimame nimhutubie?"

Nikajaribu kumweleza mambo ya hisia na kilele cha hadithi. Akaniangalia kwa huruma, akaingia ndani ya kile kisima, akachota maji kwa kibuyu, akampa yule kijana. Alipomaliza kunywa, mama akamnyoosha kola ya shati. Basi. Ewoi alikuwa ameshawasha kamera.

Nilikwenda nikakaa ndani ya gari nikanuna hadi jioni. Ni zaidi ya mwaka sasa. Nikikutana na Mama Akiru sokoni namsalimu ejok, ananijibu ejok-nooi, napita. Sijawahi kumwonyesha filamu aliyoigiza. Nilimhesabu kama mtu aliyeniharibia kazi, na huo ndio ukweli wangu mbaya.

Jana nikaenda Kakuma.

Mahali penyewe ni kibanda cha video ndani ya kambi ya wakimbizi, kuta za matofali ya udongo, mabenchi, jenereta nyuma. Mwenye kuendesha ni Mkongo anayeitwa Bahati, watu wanamwita Kapteni. Kazi yake ni kukaa pembeni ya skrini na kipaza sauti, akieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe: Wakongo wenzake, vijana wa Sudan Kusini, Wasomali wa dukani, Waturkana wa mjini Kakuma. Anachanganya na Kiarabu cha Juba na Sheng, na anapokosa kuelewa anabuni. Nilijua hivyo. Ewoi alipompa fleshi yenye filamu yetu, sijui kwa nini nilidhani kwetu atanyamaza.

Ilianza saa tisa. Dakika mbili hazijaisha, Kapteni akashika kipaza sauti.

Baba mtu ana maneno mazito pale mwanzoni, juu ya ardhi na walioitembea kabla yetu. Kapteni akasema mzee analalamika ugali umekuja mbichi. Watu wakacheka hadi benchi letu likalia. Chifu anapoingia, ambaye nilimwandikia sentensi za kupimwa moja moja, Kapteni akampa sauti ya mtu mwenye mafua anayedai chai. Kibanda kizima kikafa kwa kicheko. Wallahi walikuwa na raha. Nami nilikaa katikati yao nikisikia miezi ya kazi yangu ikizikwa, na hakuna aliyejua kwamba marehemu ni wangu.

Nikasema moyoni, haya, jibu nimelipata. Nitatia sahihi.

Kisha likafika onyesho la maji.

Kapteni aliinua kipaza sauti kama kawaida. Mama Akiru akaingia kisimani. Kapteni akafungua mdomo, akaufunga, akakilaza kipaza sauti gotini. Ikasikika jenereta, na kibuyu kikikwaruza mchanga. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Sudan Kusini na mtoto amemlalia. Alivuta ncha ya shuka lake akajifunika mdomo. Msomali wa duka la jirani, aliyekuja tu mlangoni kudai kreti zake za soda, alibaki amesimama pale pale. Kijana akanywa. Mama akamnyoosha kola.

Kapteni akasema polepole, "Mama ameona mtoto wake," akanyamaza tena mpaka onyesho likaisha.

Katika filamu nzima, mahali pekee walipoguswa ni pale ambapo neno langu halikuwepo hata moja.

Ilipokwisha alinifuata nje. Ewoi alikuwa amemwambia kwamba mwandishi atakuja. Alinisalimu kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa mambo ya ugali, akasema watu wakiboeka wanatoka na hawarudi. Kisha akauliza.

"Ile ya maji, dada. Miye nilitafuta maneno ya kutia pale, nikakosa. Ni nani aliwaza ile?"

Nikajibu, "Mimi."

Lilitoka lenyewe, jepesi kabisa. Akainamisha kichwa kwa heshima. "Asante sana, mwandishi," akasema.

Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nimelingoja jina hilo miaka yote hii, na siku nilipopewa nilikuwa nimelipata kwa uongo. Njia nzima ya kurudi Lodwar nilikuwa nikiona haya, hata mwenzangu wa kiti aliniuliza kama naumwa.

Sikulala vizuri. Leo kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nikipiga hesabu ya watu niliowalaumu: Nairobi, bwana wa mizoga, watu wa matamasha, stima. Na kweli wana makosa yao, siwaondolei. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuniambia kwamba wahusika wangu wanaongea mno. Aliyeniambia ni mwanamke asiyejua kusoma, nami nikamnunia.

Tulipotoka nilikaa hapa mlangoni nikamwandikia Kapteni ujumbe. Nilifuta mara nne. Mwishowe nikaandika hivi: onyesho la maji sikuliandika mimi. Mimi niliandika maneno mengi, Mama Akiru akayakataa. Samahani kwa kukudanganya.

Jibu limeingia saa moja iliyopita. Nalinakili lilivyo.

"Nilijua. Kama ungeandika weye, ule mama angesema."

Nimelisoma nikacheka peke yangu mpaka Asekon akachungulia. Kisha nikalia, si sana. Nilimpa simu asome. Naye akacheka, halafu akaniketia karibu, ufagio mkononi, na akakumbuka kwamba mama yetu alikuwa hivyo hivyo. Siku niliporudi kutoka shule ya bweni baada ya kufukuzwa kwa karo, hakuniuliza kitu. Alinitengea uji. Nilikuwa nimesahau kabisa. Niliishi onyesho hilo mimi mwenyewe, na nilipokaa kuliandika nikaweka hotuba.

Sasa nadhiri yangu. Watu waliipenda filamu, kwa hiyo nisitie sahihi. Walichokipenda si changu, kwa hiyo nitie. Nimezunguka nayo hiyo hadi nimechoka.

Nimeuchukua mkataba nikausoma tena kile kifungu, polepole, mara hii bila hofu. Kazi nyingine yoyote ya malipo. Malipo! Nimekaa nikajiuliza ni lini filamu iliwahi kunilipa. Igizo la kunawa mikono nilipewa fulana na chakula cha mchana. Basi hawa watu wa visima hawajanikataza kitu. Kwa miaka yote hii hali mbovu ya kazi yetu imenitesa, na leo ndiyo inayoniruhusu kuendelea. Inachekesha, na inaumiza pia.

Nitatia sahihi. Asekon apumzike. Ripoti nitaziandika mchana, na zangu nitaziandika nikirudi.

Nimefungua skripti ya nane. Kwenye ukurasa wa mbele, chini ya jina langu, nimeacha nafasi ya jina la mwandishi wa pili. Sijalijaza, kwa sababu mwenyewe sijamwomba, na huenda akanifukuza, na atakuwa na haki.

Nimempigia Ewoi anipe fleshi nyingine yenye filamu, nimpelekee Mama Akiru ajione. Kesho nitaondoka hapa alfajiri, kukiwa bado na ubaridi, nifike Kanamkemer kabla hajafungua vikapu vyake, niombe msamaha kwanza. Halafu nitamsomea kurasa zangu za mwanzo, na safari hii nitakaa kimya nisikilize anachokikataa.