Kuku Asiye na Firigisi

Kangemi, Jumapili

Dada Selina,

Naomba barua hii, ninayoituma kwa basi la kesho, ikukute umeketi, maana kwenye simu ulisema goti linakusumbua tena. Ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi ni mzima, ila nimechoka, na safari hii si uchovu wa kazi.

Unajua kwamba Nafula, mke wa mwanangu Wekesa, alirudi kwao na mjukuu wangu baada ya Wekesa kumtukania mamake. Nilimwita baba yake, Mzee Simiyu, tusemezane. Jana alikuja kutoka Kawangware, amevaa koti lake la kanisani.

Asubuhi nilikuwa nimekwenda sokoni. Mama anayeuza kuku wa kienyeji hakuwa amefika, miguu ilikuwa inaniuma, nikaingia buchani nikachukua kuku wa gredi aliyekwisha kukatwakatwa. Hao hufungiwa kwa maelfu chini ya taa, wakala bila kulala, na kabla ya miezi miwili wako sufuriani, hawajawahi kuchakura udongo. Nyama iliiva kabla maji ya ugali hayajachemka. Wekesa akaonja mchuzi. "Baba, kuku ni kuku."

Mzee Simiyu alinawa, akageuza vipande kwa kijiko polepole, mara mbili.

"Mkwe, firigisi iko wapi?"

"Huyu hakuja nayo," nikamjibu.

"Kumbe alikuwa anasaga chakula kwa meno?"

Tulicheka sote watatu. Yeye ndiye aliyeacha kwanza. Nikamweleza habari za bucha na miguu yangu.

"Barasa, hata kwangu tunakula hao hao. Watoto wanawapenda. Lakini siku umeniita kuniomba binti yangu? Mama yake akiniuliza nilipokewaje, nimwambie nini?"

Alikula ugali kwa mboga ya sukuma tu, akatuombea, akaondoka. Jina la Nafula halikutajwa.

Unamkumbuka Baba: hakuna aliyegusa nyama kabla firigisi haijawekwa mbele ya mgeni. Basi nikuambie wewe nisichomwambia Simiyu. Miguu ni kisingizio. Nilisimama pale buchani nikitazama vipande vile vyeupe vikifungwa, na sikuona kwamba kuna kitu kimepungua. Mimi, ninayewasomea vijana wa kanisa vitabu vya mila zetu.

Leo baada ya ibada Simiyu amenipigia simu. Atakuja tena Jumamosi, na hatarudia mara ya tatu. Kwa hiyo nakuomba jogoo, mmoja wa wale wanaolala mtini, mwenye kucha zilizolika kwa kuchakura. Mfunge miguu, umtume akiwa hai kwa basi la Alhamisi. Usiniambie nimtafute huku. Siku hizi sokoni huuza chotara kwa jina la kienyeji, na mimi, Dada, sijui tena kuwatofautisha.

Nisalimie shemeji Makokha, fundi wetu wa baiskeli, na Mama Mdogo Rasoa, umwambie miwani aliyoniagiza nimeipata. Wajukuu wako wote uwashike mikono kwa niaba yangu.

Wekesa anadhani nitamchinja mimi huyo jogoo. Hapana. Atamchinja yeye, na firigisi ataisafisha yeye, na ataipeleka kwa mikono miwili mbele ya baba wa mke aliyemtukania mamake. Mimi nitakaa kwenye kiti changu, ninyamaze.

Ni mimi, mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Barasa