Mafuta ya Uwanja wa Pili

Papa wangu mpenzi,

Major amepata karatasi yake. Mkwe wako huyo, uliyemwita mutu wa nchi kavu kwa sababu ulimpandisha ndege siku moja akatapika kwenda na kurudi, jeshi limemwambia apumzike. Nami nimeshikwa na woga, maana mambo ya kustaafu nayajua. Niliyaona yakiingia kwetu Kabondo zamu yako ilipofika, na bia na muziki, kisha yakakaa.

Unakumbuka maharagwe? Kila ulipokuwa na safari ulikaa mezani na vikombe vitatu vya Mama, ukavipimia maharagwe. Kikombe cha kwanza, mafuta ya kwenda. Cha pili, mafuta ya kufikia uwanja mwingine, kama kule unakokwenda mvua imefunga au mbuzi wamelala njiani. Cha tatu, mafuta ya kuzunguka hewani huku unawaza. Rubani anayeondoka na kikombe kimoja, ulisema, si rubani, ni mtu anayetafuta matanga. Tukikuomba chochote, viatu, ruhusa ya kwenda kutembea Tshopo, jibu lilikuwa lile lile: "Na uwanja wako wa pili iko wapi?" Niliona haya mbele ya wenzangu. Nani mwingine alikuwa na baba wa kuulizia viatu maswali ya ndege?

Ndiyo maana mpaka leo nakasirika kidogo nikikumbuka. Walipokupa pesa zako za mwisho wa kazi, wewe, mtu wa vikombe vitatu, ulimimina zote katika kimoja. Ulinunua ndege. Na wala haikuwa nzima. Injini moja haikuwepo, ndege yenyewe ilisimama kwenye majani pembeni mwa uwanja wa zamani, na wenye ndege walikuwa wameshafunga kazi zao. Ulisema injini itatoka Kinshasa, kisha utapeleka chumvi na sabuni vijiji vya msituni kama zamani. "Hii ndege itawalisha mpaka wajukuu," ulituambia. Mwalimu angenunua parsele ya kujenga, mfanyabiashara angefungua duka. Rubani peke yake ndiye anayefika mwisho wa kazi na kuinunua kazi ile ile.

Kila Jumapili baada ya misa tulikwenda kuiosha, mimi na wewe. Ulivaa shati jeupe lenye alama zako za begani. Tukimaliza ulinikalisha kiti cha pembeni na kunitajia mito yote ya chini, mmoja baada ya mwingine, utadhani tunaipita. Sitadanganya, Papa, zile zilikuwa saa zangu tamu kuliko zote. Mama hakuja hata mara moja. Alikuwa sokoni na samaki wake wa moshi, na likelemba yake, ule mchango ambao kila mama anachukua kwa zamu, ndiyo iliyotulisha na kutusomesha. Injini haikuja. Mauti yakakukuta ukiwa bado unaingojea, na ndege ikabaki palepale na majani yake.

Sasa ni Major. Miaka yote tumeishi nyumba ya kambi. Maji anachota askari, gari ni la jeshi, hata watu wakimpisha barabarani wanaipisha tenue, zile nguo za jeshi. Siku ya mwisho vyote vinarudishwa, na sisi hatuna hata tofali. Tuna ile sehemu ya nyuma ya parsele yenu tu, na nyasi zake. Unajua alitaka kununua nini na pesa walizomuaga nazo? Jeep. Alinieleza taratibu, kwa ile sauti yake ya kutoa amri: mutu aliyekuwa commandant hawezi kuonekana nyuma ya toleka, amekalia baiskeli ya kubeba watu, miguu inaning'inia, watoto wa shule wanamtazama. Nilikuwa nakuona wewe na ndoo yako ya sabuni.

Nikaenda kwa Mama kuomba vikombe. Viwili bado vipo, mahali pa cha tatu nikachukua bilauri. Nikamwekea Major maharagwe yake mezani. Hiki ni chakula na dawa, maana pensheni inakuja inapotaka yenyewe. Hiki ni paa, kabla kambi haijaidai nyumba yake. Hiki ni mihogo na michikichi shambani kwa dada yake, njia ya Masako, ambayo itazaa polepole na sisi tukizeeka polepole. Akauliza Jeep inaingia wapi. Nikamwambia achote mwenyewe. Akayachota ya kikombe cha paa, akayashika mkononi muda mrefu, kisha akayarudisha.

"Muzee alijua hii yote, na bado akanunua avion?"

"Alijua," nikamwambia. "Ni kutua tu njo hakutaka."

Kesho yake Major mwenyewe akaanza kung'oa nyasi za ile sehemu ya nyuma.

Kuta zilipofika juu, pesa za mabati hazikutosha. Hatukumwambia Mama, lakini Mama ana macho. Miaka yote amewafukuza wanunuzi wa vyuma waliokuja kuiulizia ndege yako, akiwatolea maneno ambayo hapa siwezi kuyaandika. Safari hii alituita wote wawili. "Muende muiuze," alisema. "Papa yenu amezunguka sana. Mumwache atue."

Wakaja mafundi wa sufuria na misumeno yao, wale wanaoyeyusha aluminiamu. Nililia, Papa, nikawaachia kazi nikaenda kusimama mbali. Ndipo nikamwona Major anakuja, bila tenue, nyuma ya toleka, miguu inaning'inia. Kijana wa baiskeli alimwita papa tu, kama anavyomwita kila mzee, akapokea nauli yake akaondoka. Major alitazama kushoto na kulia. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Akakunja mikono ya shati, akaenda kuwasaidia kubeba bawa.

Mabati yameshapanda. Madirisha bado, na hiyo pensheni bado hatujaiona machoni. Lakini michikichi imeshika, na mvua ya kwanza ilipopiga tulikaa ndani, sisi na Mama, tukaisikiliza bila mtu kutafuta ndoo. Sijui kama Major ameacha kuiota Jeep. Mimi nimeacha kuogopa.

Fundi aliniletea sufuria moja iliyotoka katika ndege yako. Ni nzito, na upande mmoja imepinda kidogo. Leo nimepikia maharagwe. Wajukuu wako wamekula, Papa, wakaomba tena.

Pumzika sasa. Tumefika.

Binti yako wa kiti cha pembeni