Papa, Kuku Wako na Sikio la Ndani

Papa, baba yangu mpendwa,

Jana sokoni Kampemba mama mmoja alinisifia unga wake mweupe, akauchota kwa kiganja ili nione ulivyo laini. Nikacheka mpaka akaniuliza kama namdharau. Ningemwelezaje kwamba nimekukumbuka wewe na kuku wako?

Nilikuwa namaliza chuo kikuu, naandika mémoire, ile tasnifu ya kuhitimu, juu ya namna sikio la kifaranga linavyoanza ndani ya yai. Nilihitaji mayai ya kuku wanaoishi na jogoo. Wewe ulikuwa umestaafu kazi ya reli na kuhamia Kasungami, ukawa na kuku kumi na wawili. Trei ya kwanza uliniletea umevaa koti la kanisani, na njiani ulimwambia kila jirani, "Bakuku yangu banatumikaka ku université!"

Mayai yale ya mwanzo yalikuwa safi. Siku ya tatu ya kuatamishwa nilikuwa nakata kidirisha kwenye ganda, na kila upande wa kichwa cha kiumbe kinachokua ndani naona kifuko kidogo kinachong'aa. Hicho ndicho kinachokuja kuwa sikio la ndani.

Baada ya miezi mitatu mambo yakaharibika. Viumbe vingi vilikufa kabla ya siku ya tatu, na vilivyobaki vifuko vyao vilikuwa vidogo, vimekaa ovyo. Msimamizi wangu akanipa miezi miwili: nipate matokeo au nibadilishe mada na kurudia mwaka. Nililia kwenye teksi bila aibu, nikaja Kasungami bila kukuarifu.

Nikakuta kuku wamefungiwa ndani ya banda lililofagiwa kuliko sebule yetu, na mbele yao unga wa mahindi uliochekechwa, ule ule wa kusongea ugali.

"Papa, juu ya nini umebafunga?"

"Mayai ya université, weye! Bakuku bakule majani na badudu ku njia? Apana. Minabapa bunga mweupe, ile yetu ya bukari."

"Na mahindi ya jaune?"

"Ile njo ya nguruwe!"

Nikakaa juu ya ndoo, nikacheka na kulia kwa pamoja. Nani mwingine duniani angewachekechea kuku unga kwa heshima ya sayansi? Papa, mahindi meupe hayana kitu ambacho mwili unaweza kukigeuza kuwa vitamini A. Kilikuwa kwenye majani uliyowanyima na kwenye mahindi ya njano uliyoyadharau. Kuku asipokipata, kiini cha yai nacho hukikosa, na sikio halijengeki.

Ukataka kujua vizuri. Nikakuambia vitamini ile hugeuka kuwa ujumbe unaotoka mwilini, nyuma ya kile kifuko. Ni kama redio ya jirani: anayekaa karibu anaisikia kwa nguvu, wa mbali anaisikia kidogo tu. Upande wa nyuma wa kifuko unapata mwingi, wa mbele kidogo, na hivyo kila upande unajua ujenge nini.

"Basi, tubape mingi!" ukasema, tayari umeinuka kutafuta ile chupa yako ya mafuta ya samaki.

"Apana, Papa. Ikizidi, nayo inaharibu. Redio ikipiga makelele, kila nyumba itazania iko karibu."

Ukairudisha chupa. Ukafungua banda, ukaenda mwenyewe kukata matembele.

Wiki chache baadaye ulikuja maabarani. Ukainama kwenye hadubini, mikono mgongoni kana kwamba umekatazwa kugusa.

"Ile kadogo njo sikio?"

"Njo yenyewe."

"Yesu wangu! Na inasikia?"

"Bado, Papa."

Hata hivyo ukashusha sauti mpaka tulipotoka. Sijawahi kukupenda kama siku ile.

Sasa nakuambia nilichokuficha. Siku ya kutetea mémoire, jury, wale walimu walionipima, hawakushangazwa na masikio mazuri. Walisimama kwenye yale mabaya, kwa sababu yakiwekwa kando ya mazuri yalionyesha wazi kazi ya vitamini ile. Mmoja akaniuliza nilipataje wazo la kuwanyima kuku vitamini kwa uvumilivu namna ile. Nikajibu kwamba nilipanga tangu mwanzo. Wewe ulikuwa umekaa nyuma kabisa, na masikio yako yalishachoshwa na kelele za karakana ya reli. Ulipiga makofi ulipoona wengine wanapiga.

Tangu hapo, kila mgeni alipokuja ulimwambia, "Kidogo tu nimuharibishie masomo uyu mutoto," ukaniomba msamaha mbele yake. Nami nilikuwa nacheka na kukusamehe! Uliondoka duniani mwaka jana ukiomba bado.

Papa, hukuniharibia kitu. Walichosifia ni mayai yako mabaya. Mimi ndiye ninayeomba msamaha.

Nakupenda sana,
Binti yako