Kidole Nilichoinua Uwanjani

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimetoka na kamati ya nyumba kwa mara ya kwanza. Mimi ni karani wao tu: naandika mihutasari, sina kura. Imebaki miradi miwili na fedha zinatosha mmoja — uwanja wa zamani wa mpira, au karakana ya zamani ya halmashauri. Utakaoshinda utajengewa nyumba za bei nafuu, na watakaotangulia kupewa ni wakazi wa upande huo. Sisi ni wa upande wa uwanja. Dada keshaomba nyumba. Nililitamka hilo mapema. Mkuu wangu akasema karani hapigi kura, kwa hiyo hakuna tatizo.

Kumbe kamati haishuki garini! Ndiyo desturi yao. Gari linasimama barabarani, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, karani anateremka, anatembea hadi katikati, anatazama, kisha anainua dole gumba kama eneo ni kavu na halina mtu. Basi, limekaguliwa. Mama Mwenyekiti alinisukuma begani: nenda mwanangu, wewe bado una magoti. Wakacheka wote.

Uwanjani udongo mkavu, umepasuka. Ila kwenye uzio wa waya kuna mifuko ya plastiki na matambara yamenasa, yote usawa wa kifua changu, kama yamepangwa. Nikasimama nayatazama. Dereva akapiga honi. Nikainua dole.

Ni upepo, nilijiambia. Upepo hupeperusha mifuko.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kutoa alama. Kila mradi unapimwa kwa mambo yale yale: ardhi isiwe na mgogoro, barabara iwe karibu, wanaostahili wawe wengi, eneo liwe tayari. Karakana iliangukia hapo mwisho. Udongo wake umelowa oili ya magari, lazima uchimbwe na kuondolewa kwanza. Ilipofika zamu ya uwanja, Mkuu akasema: karani alikanyaga, ni pakavu. Nikaandika. Kwa mkono wangu mwenyewe nikajiandika!

Uwanja unaongoza. Baraza litathibitisha Ijumaa ya wiki ijayo, na lazima iwe hiyo, maana fedha zisipopangiwa kazi kabla ya mwisho wa mwezi zinarudi zilikotoka.

Sikumwambia dada. Aliisoma habari usoni mwangu. Alinishika mashavu kama mtoto: mdogo wangu, wanangu watalala chumbani kwao! Sasa hivi tunalala chumba kimoja wote — yeye na wasichana wake wawili upande huu, mimi nyuma ya pazia.

Jumamosi, 8 Juni

Dada kanunua kitambaa cha mapazia. Anauliza madirisha yatakuwa na upana gani. Nikasema sijui. "Karani gani wewe, hata dirisha hulijui!" Wasichana wakacheka hadi wakalala chini. Nikacheka na mimi.

Mawingu tangu mchana.

Jumatatu, 10 Juni

Mvua jana kutwa, na leo asubuhi. Baada ya kazi nilikwenda uwanjani peke yangu.

Hakuna uwanja. Kuna ziwa.

Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikaingia. Kazi bure kukunja — pale nilipoinulia dole maji yalinifika kiunoni, na kwenye uzio yalinifika kifuani. Ile mifuko ilikuwa inaelea palepale. Mwenye kibanda ng'ambo ya barabara akanipigia kelele: ndugu, mpira ulikwisha zamani, au unatafuta mlinda mlango? Nikamuuliza kama ni mvua hii tu. Akasema kila mvua kubwa. Siku chache ardhi inakunywa, panakuwa kama hapajawahi kulowa.

Njiani nilifikiria kitanda. Kitanda cha mtoto hakifiki kifuani kwangu.

Jumanne, 11 Juni

Nimemwambia Mkuu. Hakufoka. Alifunga mlango taratibu, na hilo likaniogopesha zaidi.

Akamwita injinia. Injinia akasema udongo aliupima, unabeba nyumba bila shida; mambo ya maji ni ya idara ya mifereji, si yetu. Nikasema mifereji haipo pale. Akasema ndiyo maana si yetu. Sikujua nicheke au nilie.

Mkuu alinisikiliza, nimtendee haki. Kisha akauliza: tukirudi nyuma leo, karakana haitakuwa tayari mwezi huu, fedha zitaondoka, mwaka huu hakuna nyumba hata moja, kwa mtu yeyote. Ndicho unachotaka? Sikitaki! Nilipofika mlangoni akasema kwa upole, "Na dada yako je?" Sidhani alikuwa ananitisha. Lakini bado niko kwenye majaribio ya kazi.

Jumatano, 12 Juni

Dada amekata kitambaa. Kakisia upana.

Nilimshikia ncha ya pili.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemwambia dada. Alikuwa anashona upindo, hakuacha.

Akauliza: yalifika wapi? Nikaweka kiganja kifuani. Akamtazama yule mdogo aliyekuwa amesimama kati yetu anachezea uzi. Kichwa chake hakifiki kiganjani pangu. Tuliona wote wawili. Mtoto peke yake hakuona.

"Na karakana sisi hatumo."

"Hatumo, dada."

Akakata uzi kwa meno. "Basi kafanye kazi yako."

Sijui kama ile ni ruhusa au lawama. Sikuthubutu kuuliza. Aliumaliza upindo, akalikunja pazia, akaliweka juu ya kabati.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika gotini, kwenye benchi nje ya ukumbi wa baraza. Wako kwenye ajenda ya barabara. Yetu ndiyo inayofuata.

Utaratibu ni huu: Mama Mwenyekiti anasoma jina la eneo, anamwita karani, anauliza, "Ulikanyaga?" Karani anainua dole gumba, madiwani wote waone. Halafu anauliza kama kuna mwenye neno, anafunika kalamu yake, imepita. Wanasema haijawahi kutokea karani akajibu kwa mdomo.

Mkuu amepita. Amenirekebishia kola kama mzazi. Swali moja, jibu moja, akasema, akaingia.

Nimejaribu kuitamka kwa sauti ndogo: eneo linajaa maji. Mama wa chai akageuka na birika lake. "Umesemaje?" Nikarudia. Ndiye mtu wa kwanza kuisikia leo. Akanitazama kidogo: "Humo ndani paza sauti basi, wengine masikio wameyaacha nyumbani." Akaendelea na vikombe vyake.

Mlango umefunguka. Jina la uwanja limesomwa. "Karani!"

Mkono wa kulia bado unaandika. Maadamu unaandika hauwezi kuinuka. Wameita tena. Nasimama, kalamu siiachi, nafungua mdomo —